Maguru kumi wa Usikhi: yanayosemwa na yaliyokuwa

"Kila kitu kiliagizwa na Guru Nanak." Kosa hili ndilo linalozaa mengine. Nanak, mwanzilishi wa Usikhi na Guru (kiongozi wa kiroho) wake wa kwanza, aliishi 1469 hadi 1539. Alama tano za Kalasinga, waumini wa dini hii, yaani nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kirpani (jambia) na bukta, zililetwa na Guru wa kumi, Gobind Singh, alipoanzisha Khalsa, jumuiya ya Kalasinga waliokula kiapo, mjini Anandpur mwaka 1699. Kilemba chenyewe hakimo katika hizo tano. Kazi yake ni kuzistiri nywele.

"Uguru ulikwenda kwa mwana wa kwanza." Nanak aliwapita wanawe wawili akamteua mfuasi wake, Lehna, akampa jina la Angad. Angad naye akamteua Amar Das, mzee aliyemzidi umri kwa miaka 25. Ni baada ya Amar Das kumchagua mkwewe, Ram Das, ndipo uguru ulipobaki katika ukoo mmoja, wa Sodhi. Hata humo, Arjan aliyefuata alikuwa kitindamimba.

"Guru Granth Sahib ni mchanganyiko wa Uhindu na Uislamu." Hapa pana la kueleza kuhusu kitabu hiki kitakatifu cha Kalasinga. Mwaka 1604 Arjan alikamilisha mkusanyo wa tenzi uliokuwa msingi wake, Bhai Gurdas akiuandika kwa mkono. Mlikuwamo tungo za Maguru watano wa kwanza, na pia za Kabir mfumaji, Ravidas fundi wa ngozi na Sheikh Farid, Msufi. Lakini hazikuzolewa tu: zilipimwa kwa mafundisho ya Nanak, na penye beti za Farid zilizohitaji ufafanuzi, Maguru waliweka majibu yao papo hapo. Baadaye Gobind Singh aliongeza tungo za baba yake, Tegh Bahadur, aliyeuawa Delhi mwaka 1675. Za Gobind Singh zimekusanywa kando, katika Dasam Granth. Mwaka 1708, kabla ya kufariki Nanded, alikikabidhi kitabu uguru. Ndiyo maana hakuna Guru wa kumi na moja, na kitabu hukaa juu ya kiti chini ya kitambaa kilichotandwa, kikapepewa kama mfalme.

"Langar ni chakula cha maskini." Langar ni mlo wa bure wa pamoja. Amar Das alitaka kila mgeni akae safu moja na wengine, ale kwanza, ndipo aonane naye. Hakina nyama, ili mtu wa dini yoyote aweze kula. Ukipita gurdwara (hekalu la Kalasinga) ya Makindu, kwenye barabara ya Mombasa–Nairobi, vua viatu, funika kichwa, keti. Hulipi. Chukua unachoweza kumaliza.