Kukabiliana na msongo si kuushinda

"Wanafunzi wengi walishindwa kukabiliana na msongo wakati wa korona, wakaishia kwenye pombe na kubeti." Sentensi hii, au ndugu yake wa karibu, haikosekani kwenye semina za afya ya akili vyuoni hapa Mwanza, na inajirudia kwenye tafiti za wanafunzi wa mwaka wa tatu kana kwamba wote wamechota kwenye kisima kimoja. Inasikika sawa, lakini ina kosa. Hao walioingia kwenye pombe walikuwa wanakabiliana. Pombe ndiyo iliyokuwa njia yao.

Maana kwanza, tuimalize haraka. Wanasaikolojia wa Marekani, Richard Lazarus na Susan Folkman, waliiweka dhana hii mwaka 1984 katika umbo linalotumika mpaka leo. Kwao, kukabiliana na msongo ni juhudi za mtu, za kufikiri na za kutenda, zinazobadilika kadiri mambo yanavyokwenda, za kushughulikia jambo analoona linambana au linazidi uwezo wake. Basi. Hakuna panaposema juhudi hizo lazima zifaulu. Hakuna panaposema ziwe za busara, wala zimpendeze mlezi wa wanafunzi.

Tokeo waliliacha nje kwa makusudi. Ukishasema kukabiliana ni kufaulu, huwezi tena kuuliza njia ipi inasaidia na ipi inaumiza, kwa kuwa jibu umeshalifungia ndani ya maana. Mvuvi aliyerudi mwaloni na nyavu tupu amevua, ila hakupata. Hatusemi alikaa nyumbani kutwa.

Inafaa kujua dhana ilitoka wapi, maana kosa lenyewe lina umri. Hans Selye, aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, alichapisha mwaka 1936 barua fupi ya kisayansi kuhusu panya waliopigishwa baridi, kuchoshwa na kudungwa sumu. Aliona miili yao ikijibu kwa namna moja hata kama madhila yalikuwa tofauti, na wazo la msongo kama tunavyolijua likaanzia hapo. Lakini panya haulizwi anaonaje. Kwa Selye, msongo ulikuwa jambo la mwili: mzigo unaingia, mwili unajibu, na ukizidiwa unaanguka. Ndani ya picha hiyo kuna watu wa aina mbili tu, waliosimama na walioanguka. Lazarus alitumia miaka mingi kuipinga. Alisema kati ya mzigo na mwili yupo mtu anayepima: hili linanihusu? Na kama linanihusu, nina nini cha kulifanya? Semina zetu zinamtaja Lazarus kwenye slaidi ya pili, halafu kuanzia ya tatu zinarudi kwa panya wa Selye.

Chukua Machi 2020. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 16 ya mwezi huo, na siku chache hazikupita vyuo vikafungwa. Kwenye geto moja pale Malimbe fikiria wanachumba wawili. Mmoja ni wa mwaka wa kwanza, kwao ni Magu, na alikuwa anaiogopa test ya wiki ile. Kwake tangazo lilikuja kama likizo. Mwenzake ni wa mwaka wa tatu, kodi amelipa mpaka Julai, utafiti wake unasubiri dodoso lijazwe na watu ambao sasa hawakutani, na mama yake anauza dagaa Kirumba. Tangazo ni lilelile, chumba ni kilekile, ila msongo uko kwa mmoja tu. Ukimsifu yule wa kwanza kwamba "amekabiliana vizuri" umekosea, kwa sababu hakuwa na cha kukabiliana nacho.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo wengi hawaligusi kabisa. Mazoea si kukabiliana. Kijana wa Ukerewe anayevuka ziwa kila mwisho wa muhula, mawimbi yakapanda naye akaendelea kula karanga zake, hakabiliani na chochote. Ameshazoea. Mgeni kutoka Dodoma aliyeshika ukingo wa kiti, anahesabu pumzi huku akijisemesha kwamba vivuko huvuka kila siku, huyo ndiye anayekabiliana, na kwa bidii sana, hata akitapika. Kukabiliana kunahitaji juhudi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeonekana mtulivu kuliko wote darasani huenda hafanyi kazi yoyote ya ndani, na anayelia chooni huenda anafanya kubwa.

Lazarus na Folkman waligawa juhudi hizi katika makundi mawili: zile zinazolenga tatizo lenyewe, na zile zinazolenga hisia ambazo tatizo limezileta. Mgawanyo huu ni mwepesi kukariri, ndiyo maana unaharibiwa haraka. Watu hupanga vitendo kwenye safu mbili: kupanga ratiba huku, kusali kule. Lakini kitendo peke yake hakikuambii kitu. Wakati vyuo vimefungwa, wanafunzi wangeweza kwenda soko la samaki la Mwaloni kubeba magunia ya dagaa. Mmoja akaenda kwa sababu anahitaji hela ya kodi; analenga tatizo. Mwingine akaenda kwa sababu akikaa nyumbani kichwa kinazunguka, analenga hisia. Gunia ni moja, mgongo ni mmoja, na jioni wote wawili wana vumbi la dagaa kwenye nywele. Huwezi kujua mpaka uulize anatafuta nini.

Nyungu ndiyo mfano mzuri zaidi. Mwaka ule watu walijifukiza kwa majani, wengine asubuhi na jioni. Aliyeamini mvuke unaua kirusi alikuwa analenga tatizo, ingawa hakuna ushahidi kwamba kujifukiza kunazuia au kutibu korona, na maji ya moto yanaunguza. Wakati huohuo, kukaa chini ya blanketi na bibi yako mkifanya jambo moja kwa pamoja kunaweza kushusha hofu kwelikweli. Basi nyungu ilifaulu au haikufaulu? Swali hilo lina majibu mawili, na mtu anayedhani kukabiliana ni kushinda hawezi kuyashika yote mawili kwa mkono mmoja.

Kuna pia hili la kubadilikabadilika. Mei 2020 Ziwa Victoria lilijaa kupita hata kimo cha mwaka 1964, maji yakaingia kwenye mashamba na nyumba za kando ya ziwa. Mwanafunzi aliyekuwa nyumbani kwao ufukweni mchana anahamisha magodoro na mahindi kwenda kwa jirani wa juu, usiku anasali, kesho yake anapiga soga na kucheka kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kesho kutwa hataki hata kuishika simu. Mtafiti akija siku ya pili atamwandika "mcheshi". Akija siku ya tatu atamwandika "anayekwepa". Ni mtu mmoja anayetumia alichonacho siku hiyo.

Na kukwepa nako tukuseme kwa haki. Semina zinafundisha kwamba kulikabili tatizo ni ushujaa na kulikwepa ni udhaifu, halafu zinatoa ushauri uleule: panga ratiba, weka malengo, kaza. Juhudi za kulenga tatizo husaidia zaidi pale tatizo linapoweza kuguswa. Mwanafunzi aliyesapu, yaani aliyefeli na anarudia mtihani, anaweza kusoma madesa. Lakini Aprili 2020 mwanafunzi wa Nyegezi angeligusa nini? Tarehe ya kufungua chuo haikujulikana. Vyuo vingi havikuhamisha masomo mtandaoni, na hata vingehamisha, bando lina bei. Hata kutafuta taarifa, ambako ni njia nzuri ya kulenga tatizo, kulipoteza pa kushika: takwimu za maambukizi ya nchi nzima zilisimama tarehe 29 Aprili zikiwa visa 480, na baada ya hapo wengi walibaki na sauti za kusambazwa zisizo na mwenyewe. Katika hali hiyo, anayezima redio akaenda kucheza drafti hajashindwa. Ameshughulikia sehemu pekee iliyokuwa mikononi mwake, yaani hofu yake. Vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, muhula ukabanwa na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikajongea, mambo yakageuka. Sasa drafti ileile ikawa ghali.

Simaanishi kwamba njia zote ni sawa. Pombe hushusha hofu usiku na kuipandisha asubuhi, tena inakula bumu, ile hela ya mkopo wa mwanafunzi. Kubeti kunaongeza deni juu ya wasiwasi. Lakini tukimwambia mtu "umeshindwa kukabiliana", tumemwambia hana alichofanya, wakati yeye anajua alichokifanya kila usiku na anajua kwa nini. Daktari au mshauri hupata njia rahisi zaidi akianza hapo: pombe ilikuwa inakusaidia nini? Akijibu kwamba ilimsaidia kulala, basi tatizo lina jina, na lina njia nyingine.

Ninajua neno "kuvumilia" ndilo linalotuponza. Kwetu anayekabiliana ni anayevumilia, na anayevumilia hanung'uniki. Ndiyo maana anayeenda kumwambia rafiki "nimechoka" anahesabiwa kuwa amelegea, ingawa kutafuta bega la kuegemea ni mojawapo ya njia zinazopimwa na watafiti dunia nzima. Mwaka 1997 Charles Carver wa Chuo Kikuu cha Miami alifupisha COPE, dodoso la kupima njia za kukabiliana, alilolitengeneza na wenzake mwaka 1989, na toleo hilo fupi ndilo wanafunzi wengi hulipenda. Lina maswali 28, mawili kwa kila njia, hivyo njia ni 14. Zimo kupanga, kukubali hali, dini, utani, kutafuta msaada. Zimo pia kukana, kujilaumu, kukata tamaa na kutumia vilevi. Soma orodha hiyo mara ya pili. Kukata tamaa kumo, ndani ya dodoso la kukabiliana, kama njia mojawapo.

Sasa, ndugu unayeandika utafiti wako chuoni pale Malimbe au Bugando, hili ni lako. Umejumlisha majibu yote 28, ukapata alama moja, ukawagawa wenzako kuwa wenye "kiwango cha juu", "cha kati" na "cha chini" cha kukabiliana. Umejumlisha sala na konyagi. Anayepanga kila kitu na anayelewa kila usiku wanaweza kutoka na alama sawa, na jedwali lako litasema wako vilevile. Carver mwenyewe alishasema dodoso lake halina alama ya jumla. Kila njia itazamwe peke yake, na kama unataka kuziunganisha, data yako ndiyo ikuonyeshe zipi zinakwenda pamoja. Jedwali litakuwa refu, na msimamizi atauliza kwa nini lina safu 14. Mwonyeshe safu ya vilevi na ya dini, kisha muulize angezijumlishaje.