Dhambi ya Anania haikuwa ubahili

Kila darasa la kipaimara ninalofundisha hapa Kampala, katika ibada yetu ya Kiswahili, tukifika Matendo ya Mitume sura ya 5 mkono wa mtu huinuka. Anania na Safira waliuza kiwanja chao wenyewe, wakaleta sehemu ya fedha kanisani, wakafa. Hivi kweli Mungu anaua watu kwa kutotoa mchango wote?

Huwa nawarudisha kwenye maneno ya Petro. Kiwanja kilikuwa chako, anamwambia, na hata baada ya kuuza fedha ilikuwa mkononi mwako. Hakuna aliyemdai. Angeleta nusu na kusema ni nusu, angepokewa kwa shukrani. Ila mwishoni mwa sura ya 4, Barnaba alikuwa ameuza shamba akaweka fedha yake miguuni pa mitume. Mimi nasoma hivi: Anania alilitaka jina la Barnaba bila sadaka ya Barnaba, ndipo akaleta sehemu akijifanya ni yote.

Jambo hilo tunalijua vizuri sana Uganda. Nenda kwenye mkutano wowote wa harusi, au siku ya kuchangia paa la kanisa. Mtu anasimama, anataja milioni moja, makofi yanalia, jina linaandikwa. Mwezi ukiisha mweka hazina anapiga simu haipokelewi. Wengine huugua au kufukuzwa kazi, na hao siwazungumzii. Namzungumzia aliyejua, hata alipokuwa akitaja ile milioni, kwamba hana na hatakuwa nayo. Zaburi ya 15 inapomweleza mtu atakayekaa katika hema ya Bwana, inamtaja asemaye kweli kwa moyo wake, tena ambaye ameapa kwa hasara yake wala habadili maneno yake. Nafikiri viongozi wa kanisa tunashiriki kosa tunaposoma ahadi kwa sauti na kumshangilia zaidi aliyetaja kingi. Tunawafundisha watu kusema uongo mbele ya madhabahu.

Yesu aliligusa hili katika Mathayo 5. Siku zake watu walikuwa wamepanga viapo kwa ngazi: aliyeapa kwa hekalu si kitu, aliyeapa kwa dhahabu ya hekalu amejifunga. Mwenye akili aliweza kuapa na bado akabaki na mlango wa kutokea. Yesu akaufunga: "Maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Sisi nasi tuna ngazi zetu. Mtu akisema "nakuja" haaminiwi, akiongeza "haki ya Mungu" anaaminiwa kidogo. Na kuna ile ya simu, "nimeshafika Wandegeya, ni jamu tu," huku msemaji hajatoka nyumbani. Wengi huiona ndogo. Mimi siioni ndogo, kwa sababu mwenzako amesimama juani akipanga saa zake kwa neno lako.

Nchi hii, lakini, ina urithi mkubwa katika jambo hili. Mwaka 1929, pale Namirembe, kilima cha hapa Kampala, Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, alikutana na Joe Church, daktari wa misheni aliyefanya kazi Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa na kiu ya Mungu, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, na kutokana na ushirika wa namna hiyo ukakua uamsho ulioenea Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu wake waliitwa Balokole, waliookoka. Neno lao kuu lilikuwa kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Aliyeiba alirudisha alichoiba. Aliyemchukia ndugu alimwendea akamwambia, "Nimekuchukia, nisamehe." Wazungu na Waafrika waliungamiana, jambo ambalo katika enzi ya ukoloni halikuwa jepesi hata kidogo.

Ninachokiogopa ni ushuhuda uliopoa. Mtu anasimama kila wiki na kuungama pombe aliyoiacha miaka mingi iliyopita. Ni kweli aliiacha, namsifu Mungu pamoja naye. Lakini ungamo hilo halimgharimu tena chochote, na wakati huohuo hajasema na mkewe tangu Jumanne. Nuru inayozungumzwa na Yohana ni ya leo. Sisemi yote yamwagwe mbele ya kusanyiko. Dhambi inayomhusu mtu mwingine isitajwe hadharani bila ridhaa yake. Wapo waliojisikia wepesi baada ya kuungama huku wakimwacha mwenzao na aibu ya kijiji kizima. Mweleze uliyemkosea, au mzee wa kanisa anayejua kunyamaza.

Vilevile kuna wanaojisifu, "Mimi ni mkweli, sifichi kitu," kumbe wanapiga watu kwa ulimi. Paulo anasema kweli ishikwe katika upendo, na katika sura hiyohiyo ya Waefeso anataka neno litokalo limfae mwenye kuhitaji.

Mwenye kulionyesha hilo vizuri kwetu ni Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho huohuo na baadaye akawa askofu mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda. Februari 1977, baada ya askari kuipekua nyumba yake usiku, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin, rais wa wakati huo. Hawakumtukana. Walilalamikia mauaji na uonevu waziwazi, wakatia saini majina yao. Tarehe 16 Februari aliuawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari.

Ujasiri kama huo haufundishwi ulimini, maana kinywa hunena yaujazayo moyo. Nami naona moyo huanza kudanganya katika maombi, mahali ambapo hatukudhani. Tunamwambia Mungu tumefurahi ilhali tumekasirika, kwa kuwa tumezoea lugha ya ibada. Yeremia hakufanya hivyo. Katika sura ya 20 anamlalamikia Bwana kwamba amemhadaa. Zaburi ya 88 inaisha bila faraja yoyote, na bado imewekwa katika kitabu cha sala. Zaburi ya 51 inasema Mungu apendezwa na kweli iliyo moyoni. Kwa hiyo anayenijia akitaka kuacha uongo, kwanza namwomba aombe usiku huo bila kutamka sentensi hata moja asiyoimaanisha, hata kama ombi litabaki na maneno mawili. Habari ya ahadi za michango ya harusi tutaizungumza wiki inayofuata.