Kikundi cha Wanawake Hakipimi Shinikizo la Damu

Wiki hii nimeisikia tena kauli ambayo nimeichoka tangu nianze kazi ya ukunga: "Mimi niko kwenye kikundi, na wenzangu wameshazaa watoto wanne, watano, wangeona tatizo wangeniambia." Aliyeisema alikuwa na mimba ya wiki 34 na ndiyo kwanza alikuwa anafika kliniki. Pete ilikuwa imemkaba kidole, kichwa kilikuwa kinamgonga kwa siku ya tatu, na shinikizo lake la damu lilikuwa 160 kwa 110, kiwango cha hatari. Kwenye kikundi aliambiwa kwamba kuvimba ni mambo ya mimba.

Ni kweli kwamba wajawazito wengi huvimba miguu. Hata hivyo, jicho la mama aliyezaa mara kumi haliwezi kutenganisha uvimbe huo na dalili za awali za kifafa cha mimba, kwa kuwa baada ya wiki ya 20 shinikizo linaweza kupanda bila mwenyewe kuhisi lolote, na protini kwenye mkojo haijulikani mpaka mkojo upimwe. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 ya kliniki katika ujauzito, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Anayekuja wiki ya 34 hana kipimo cha nyuma cha kulinganishia, nasi tunabaki tukikisia kama shinikizo alikuwa nalo kabla au limeletwa na mimba yenyewe.

Silaumu vikundi, nalaumu kuvigeuza kuwa kliniki. Katika wilaya ya Makwanpur, Nepal, ambako wanawake walikutana kila mwezi kujadili matatizo ya uzazi na kutafuta suluhisho, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko mahali pasipo na vikundi, na kwamba wanawake wa maeneo yenye vikundi walihudhuria kliniki na kuzalishwa na wataalamu zaidi kuliko wenzao. Vikundi hivyo viliwafikisha wanawake kwa wahudumu.

Wapo pia wanaosema kikundi hakifai bila muuguzi wa kukiongoza. Si kweli: kule Makwanpur wawezeshaji walikuwa wanawake wa maeneo hayohayo, wasio wahudumu wa afya. Wengine hudhani ni cha wajawazito pekee, ilhali mara nyingi mama mkwe ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu safari ya hospitali, na ni heri aisikie hoja mapema. Na anayejiamini kwa sababu uzazi uliopita ulikuwa salama akumbuke kwamba kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kuua ndani ya saa 2, na wengi wanaopatwa nako hawakuwa na dalili yoyote ya kuwaonya.

Ushauri ninaourudia kila ninapoalikwa ni huu: kikao kisifungwe kabla kila mjamzito hajafungua kadi yake, akasoma tarehe ya hudhurio lijalo na kumtaja atakayemsindikiza. Lakini mwenye kichwa kisichotulia, macho yenye ukungu, maumivu chini ya mbavu, damu inayotoka au mtoto aliyepunguza kucheza asisubiri tarehe wala kikao. Aje siku hiyohiyo, hata usiku.