Hospitali Iliyoachwa Haitishi Yenyewe: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Filamu ya Kutisha ya Bei Nafuu

Moshi na Arusha hazikosi vijana wenye kamera, na kila kundi lina mtu anayelijua jengo fulani: zahanati iliyofungwa, wodi ya zamani yenye vioo vilivyovunjika, nyumba ya wauguzi iliyozingirwa na nyasi mpaka mlangoni. Wazo la filamu huanzia hapo, na mara nyingi huishia hapo hapo. Naipenda aina hii ya filamu na natamani kuiona ya kwetu, yenye Kiswahili chetu na hofu zetu, ikisimama imara. Ndiyo maana naumia nguvu za watu zinapopotea kwa sababu ya maneno ya vijiweni yanayorudiwa kana kwamba ni sheria.

"Tukipata jengo lenyewe, nusu ya kazi imekwisha."

Jengo halifanyi kazi ya hadithi. Mwaka 2018 Wakorea walitoa filamu ya Gonjiam: Haunted Asylum, inayohusu hospitali ya magonjwa ya akili iliyofungwa mwaka 1996 na kuzungukwa na uvumi wa mizimu. Hospitali hiyo ilikuwepo kweli. Lakini sehemu kubwa ya filamu ilishutiwa kwenye shule iliyokuwa haitumiki tena, mjini Busan. Zaidi ya watazamaji milioni mbili waliingia sinema, wakaogopa majengo ya shule.

Kwetu mbinu hiyo ni rahisi zaidi, kwa sababu shule nyingi za msingi na zahanati za zamani zimepakwa kwa mtindo mmoja: rangi ya mafuta nusu ya chini ya ukuta, nyeupe juu. Toa madawati, ingiza kitanda cha chuma, stendi ya dripu na pazia la kijani, na darasa wakati wa likizo ya Juni limekuwa wodi. Mashuka yaliyochakaa yanapatikana kwa bei ndogo soko la Memorial, Moshi. Unachohitaji hasa ni korido moja ndefu na vyumba viwili. Korido ile ile ukiipiga kutoka upande wa pili, taa ukiihamisha, mtazamaji anaiona kuwa nyingine. Jengo halisi lililoachwa, kwa upande wake, halina umeme, halina maji wala choo, na waigizaji waliochoka hawaigizi hofu vizuri.

"Bila mamilioni itakuwa kichekesho."

Filamu ya Kimarekani Paranormal Activity ilishutiwa kwa takriban dola 15,000, kwa siku saba, ndani ya nyumba ya muongozaji mwenyewe huko San Diego, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 190 kwenye majumba ya sinema duniani. Wanaoisimulia habari hii huacha sehemu ya pili: studio kubwa iliinunua, ikagharimia mwisho mpya na matangazo. Fedha ndogo inatosha kutengeneza filamu. Kuifikisha kwa watu ni bajeti nyingine, na ni vizuri kuipanga tangu mwanzo.

"Tupige usiku, bila taa, giza ndilo linalotisha."

Kamera haioni giza kama macho yako. Ukiinyima mwanga inajaribu kuongeza usikivu wake, na picha inajaa chenga. Giza zuri la kwenye filamu limetengenezwa kwa taa: moja yenye nguvu kutoka upande, nyuma ya mtu au nje ya dirisha, kisha kila kitu kingine kikaachwa kizame. Matukio mengi ya usiku ndani ya jengo yanaweza kupigwa mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa nailoni nyeusi. Watu wanakuwa wamelala vya kutosha, na hakuna anayejikwaa kwenye ngazi.

Usitegemee machweo. Hapa tuko karibu na ikweta, jua likishazama nusu saa haiishi kabla giza halijafunga. Badala yake tumieni Juni na Julai, mawingu yanapokaa juu ya mji na mchana ukawa wa kijivu usio na vivuli vikali. Mwanga huo kwenye ukuta wa hospitali hakuna taa ya kukodi inayoushinda.

Jambo dogo linaloharibu kazi nyingi: umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo tyubu laiti za kawaida hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi huwa zimewekwa fremu 30 kwa sekunde, na chini ya taa hizo michirizi inaweza kupita kwenye picha. Weka fremu 25 na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde.

"Kelele kubwa ya ghafla ndiyo mtego."

Kelele inamshtua mtu kwa sababu ya ukimya ulioitangulia, na ukimya ndio watu wasiourekodi. Kila chumba mlichoshuti, simameni wote kimya dakika moja maiki ikiwa wazi. Sauti hiyo ya chumba kitupu ndiyo itakayounganisha vipande wakati wa kuhariri. Bila hiyo kila kipande kinasikika kama kimetoka nyumba tofauti. Mtazamaji husamehe picha yenye chenga. Hasamehe mazungumzo yasiyosikika. Kwa hiyo jenereta iwe mbali, nyuma ya ukuta, na msipange mazungumzo chini ya bati miezi ya masika. Sauti ya mfupa unaovunjika mnaipata kwa kuvunja karoti mbichi au kipande cha muwa karibu na maiki.

Kuhusu damu sitachukua muda. Sukari iliyochemshwa ikawa nzito, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ya kuifanya iwe nyeusi kiasi vinatosha. Filamu nyingi hutumia damu kuficha kwamba hadithi imeishiwa.

"Adui awe kichaa aliyefungiwa wodini."

Hili linanikera kuliko yote. Jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma inayotibu watu wenye magonjwa ya akili, limegeuzwa kuwa tusi la mitaani, na filamu za kutisha zinaongeza mafuta kwenye moto huo. Ukweli unaojulikana na wanaofanya kazi hiyo ni kwamba mtu mwenye ugonjwa wa akili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutendewa ukatili kuliko kuutenda. Kwenye kila ukumbi utakaoonesha filamu yako kuna aliyemuuguza dada au mjomba. Unamfundisha amwogope.

Dhana ya mizimu iliyonaswa wodini nayo tumeiazima bila kuipima. Uchagani marehemu hurudishwa nyumbani, anazikwa kihambani, kwenye shamba la nyumbani kati ya migomba, na wake zake, wanawe na wajukuu wanajua alipo. Hofu ya watu hawa ni mtu asirudi. Mwili kuzuiliwa mochwari kwa deni la matibabu ni jambo ambalo limezungumzwa hata bungeni, na familia zimelijua kwa uchungu. Hebu fikiria skripti yenye mama mmoja, risiti mkononi, anayeambiwa kila dirisha kwamba jina la mwanawe halipo kwenye daftari. Hiyo inatisha kabla hujawasha taa, na haihitaji zimwi lolote. Anayeitaka aichukue.

"Hatari ya humo ndani ni majini."

Septemba 1987, mjini Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia kwenye kliniki ya tiba ya mionzi iliyokuwa imeachwa, wakachukua sehemu ya mashine wakidhani ni chuma chakavu. Ndani mlikuwa na cesium-137, kemikali yenye mionzi mikali. Unga wake ulitoa mwanga wa bluu gizani, watu wakaugawana, wengine wakajipaka. Wanne walikufa, mmoja mtoto wa miaka sita. 249 walikutwa na uchafuzi wa mionzi, na zaidi ya laki moja wakapimwa.

Zahanati ya kawaida haikuwahi kuwa na kitu kama hicho, na mashine ya eksirei isiyo na umeme haitoi mionzi. Hata hivyo, mkiona alama ya mionzi, mabawa matatu kwenye njano, tokeni, msiguse, mtoe taarifa. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ina ofisi Njiro, Arusha.

Yaliyo karibu zaidi ni haya. Sindano zilizotupwa kwenye majani: kirusi cha homa ya ini B huishi nje ya mwili kwa angalau siku saba, na msumari wenye udongo unaweza kuleta pepopunda. Kinyesi cha popo kikichokorwa kinaweza kurusha fangasi wanaoshambulia mapafu. Mapaa ya zamani ya asbesto msiyavunje kwa ajili ya vumbi la kuvutia. Madhara yake hujitokeza baada ya miongo. Viatu vya soli ngumu, barakoa, tochi, na mtu mmoja aliyekagua dari na sakafu mchana. Hakuna mwigizaji anayepaswa kutembea peku humo, hata kama skripti inasema hivyo.

"Jengo halina mwenyewe."

Lina mwenyewe, iwe ni halmashauri, dayosisi au familia. Kazi ya filamu nchini inasimamiwa kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Kibali hutoka Bodi ya Filamu, na filamu hukaguliwa kabla ya kuoneshwa hadharani. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mpate jina la mmiliki, muandike barua yenye tarehe, idadi ya watu na kama kuna jenereta. Mlinzi na majirani waambiwe siku mbili kabla. Wakisikia mwanamke anapiga mayowe saa tano usiku watatoka na mapanga kumwokoa, na watakuwa wamefanya vizuri.