Herufi H na L kwenye majibu ya damu ya mbwa wako

Mashine ya kuhesabu chembe za damu huchapa herufi pembeni ya tarakimu: H zikizidi, L zikipungua. Mwenye mbwa akishaiona ile L, huuliza hapohapo: "Daktari, ni saratani?" Mara nyingi siyo. Ila zipo saratani zinazojionyesha kwenye damu kabla mkono haujagusa uvimbe wowote.

Chukua chembe sahani, zile zinazoziba jeraha ili damu isiendelee kutoka. Mbwa mwenye afya huwa nazo 200,000 hadi 500,000 hivi katika maikrolita moja ya damu. Akiletwa na 40,000, mimi huanza kwa kumgeuza masikio na kumpanua vidole, natafuta kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza kimelea kiitwacho Ehrlichia canis, na kimelea hicho hushusha chembe sahani kuliko uvimbe mwingi ninaouona. Kikikaa mwilini muda mrefu huudhoofisha hata uboho, kiwanda cha chembe za damu kilicho ndani ya mifupa, chembe za aina zote zikapungua, na karatasi ya majibu ikafanana kabisa na ya mgonjwa wa saratani. Kwa hiyo huku kwetu homa ya kupe hupimwa na kutibiwa kwanza, kwa kawaida kwa doksisaiklini ya wiki nne. Hesabu ikigoma kupanda, hapo ndipo tunapoanza kutafuta kwingine.

Kabla ya yote hayo, tone moja la damu lipakwe kwenye kioo, litiwe rangi, litazamwe kwa hadubini. Msikubali tarakimu za mashine peke yake, hasa kwa paka. Chembe sahani za paka hushikana mafungu mafungu mara damu inapovutwa, mashine ikashindwa kuzihesabu, na mnyama mzima akapewa ugonjwa asio nao.

Kioo hicho hicho huweza kumfichua adui mwingine. Kuna saratani ya kuta za mishipa ya damu, hemanjiosakoma, ambayo hupenda kujificha kwenye wengu wa mbwa wakubwa waliokwisha kula miaka. German Shepherd, mlinzi wa mageti yetu mengi, ni miongoni mwao. Chembe nyekundu zikipita kwenye vijia vilivyosokotana vya uvimbe huo hukatika, na kwenye hadubini utaziona vipandevipande, nyingine mfano wa kofia ya chuma. Nyumbani habari huwa hivi: mbwa ameanguka ghafla jioni, fizi nyeupe kama karatasi. Asubuhi amesimama, amekula, watu wanasema amepona. Hajapona. Wengu ulivuja damu tumboni, kisha mwili ukairudisha sehemu ya damu hiyo kwenye mzunguko. Mbwa wa namna hii apimwe tumbo kwa ultrasaundi siku hiyohiyo, maana akivuja tena huenda asiamke.

Kwa chembe nyeupe, watu wengi huelewa kinyume. Wanadhani limfoma, saratani ya tezi za limfu, lazima ipandishe hesabu. Mbwa wengi wenye limfoma majibu yao ya chembe nyeupe hayana la ajabu, wakati tezi chini ya taya na nyuma ya goti zimevimba kama ndimu. Kwa upande mwingine, jike mwenye usaha kwenye mfuko wa uzazi anaweza kufikisha chembe nyeupe 60,000 bila saratani yoyote. Vidole vyako vinavyompapasa mbwa wakati wa kumwogesha vina kazi ambayo karatasi haiwezi kuifanya.

Hata chembe nyekundu zinaweza kuzidi. Mara nyingi ni mnyama aliyekaukiwa maji tu, lakini uvimbe wa figo nao huweza kutoa kwa wingi homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe hizo, damu ikawa nzito na fizi zikaiva kama tofali.

Kuna hili la korodani ambalo linaniudhi, kwa sababu linazuilika. Dume ambaye korodani moja ilibaki tumboni yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata uvimbe ndani yake. Uvimbe wa aina moja hutoa homoni ya kike: chuchu zinavimba, manyoya yanapukutika ubavuni, madume wengine wanamfuata kama jike. Homoni hiyo huua uboho, na uboho ukishazimika kuurudisha ni kazi ngumu. Ukimhasi, daktari aifuate na hiyo iliyojificha. Asitoe ile ya nje tu.

Mwisho, mbwa wanaotibiwa uvimbe wa sehemu za siri, ule unaoambukizwa kwa kupandana. Tunawachoma vinkristini mara moja kwa wiki, na wengi hupona kwa sindano nne hadi sita. Dawa hii hushusha chembe nyeupe, kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kila sindano. Zikiwa chini ya 4,000 tunamrudisha nyumbani bila kuchomwa. Wenye mbwa hulalamika nauli imepotea bure. Mbwa anarudi baada ya siku chache, anatolewa damu tena, na hesabu ikiwa imepanda anachomwa.