Faili la AMR lililopoteza kichwa

Mama mmoja aliniletea memori kadi iliyotoka kwenye simu ya batani ya marehemu baba yake. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mzee akisimulia ukoo wao, dakika 14 nzima, kwenye faili la AMR. Lilikuwa limegoma kufunguka, na fundi wa kabla yangu alikuwa amefuta .amr mwishoni mwa jina akaandika .mp3. Hilo halisaidii kitu. Ukibandika karatasi ya sukari kwenye kopo la unga, ndani bado ni unga.

AMR ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, na 3GPP, muungano unaoweka viwango vya mitandao ya simu, waliipitisha kuwa kiwango mwaka 1999. Haihifadhi wimbi la sauti lenyewe. Kila milisekunde 20 inaandika maelezo mafupi ya namna koo na kinywa cha msemaji vinavyoitengeneza sauti, na simu inayosikiliza inaiunda upya kutokana na maelezo hayo. Ndiyo maana maneno ya mtu husikika vizuri, lakini ngoma au mvua juu ya bati hugeuka mikwaruzo.

Nililifungua faili kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. AMR iliyo nzima huanza na baiti sita zinazoitwa kichwa: herufi #!AMR na alama ya kushuka mstari. Hapa nilikuta sifuri tupu, baiti 512 mfululizo, yaani sekta (kipande cha hifadhi ya kadi) moja kamili. Kicheza sauti kikikosa kile kichwa, yaliyobaki hakiyasomi kabisa.

Na yaliyobaki yalikuwa mazima! Hapa ndipo ninapoipenda AMR. Kwenye kiwango chake cha juu, kilobiti 12.2 kwa sekunde, kila fremu, yaani kipande cha milisekunde 20, ina baiti 32, na baiti ya kwanza ya fremu ni 3C kwa namba za msingi wa 16. 3C moja haitoshi kuwa ushahidi, maana inaweza kujitokeza popote katikati ya data. Nilihesabu nafasi za baiti, ya kwanza ikiwa 0, nikaikuta kwenye nafasi ya 518. Nikaruka 32: ipo tena, 550. Halafu 582, halafu 614. Hapo nilijua nimezipata fremu.

Nikatoa nakala, kwa sababu faili la asili siligusi kamwe. Kwenye nakala nikakata kila kilichotangulia nafasi ya 518, nikaweka zile baiti sita mwanzoni, kisha nikaigeuza kuwa WAV kwa ffmpeg, programu ya kubadili aina za faili za sauti:

ffmpeg -i mzee.amr mzee.wav

MB 1.3 zikawa MB 13. Ukubwa huo usikudanganye, kwani sauti ambayo simu iliiacha siku ile hairudi. Naichagua WAV kwa kuwa haipunguzi kitu kingine tena. MP3 ya kutuma WhatsApp naitengeneza kutoka kwenye hiyo WAV.

Angalia pia kama faili lako linaanza na #!AMR-WB. Huyo ni ndugu yake wa sampuli (vipimo vya sauti) 16,000 kwa sekunde, AMR ya kawaida ni 8,000, na fremu zake zina urefu mwingine. Ukimvisha kichwa hiki utapata kelele tu.

Fremu 16 zilipotea, milisekunde 320. Mzee alikuwa ameanza kwa Bismillahi. Sasa rekodi inaanzia "millahi", kisha linafuata jina la babu yake.