Krosova ndiyo roho ya spika: ninavyounda spika za njia mbili nyumbani

Watu wanaotaka kujiundia spika za kusikilizia muziki nyumbani huniuliza swali moja kabla ya yote: "Fundi, ninunue wufa gani na twita gani?" Wana haki ya kuuliza, maana wufa, ile spika ya sauti nene, na twita, ile ya sauti nyembamba, ndizo zinazoonekana na ndizo zinazokula hela. Lakini jibu langu halibadiliki. Wufa ya wastani na twita ya wastani, zikiunganishwa na krosova, yaani kichujio kinachoipelekea kila spika sauti zake, iliyokokotolewa kwa ajili yake na kwa ajili ya boksi lile lile, zitakupa spika ya kukaa nayo miaka. Wufa na twita za bei kubwa, zikifungwa kwenye krosova iliyonunuliwa ikiwa tayari, zitakupa bezi chini na mchakacho juu, huku sauti ya mwimbaji ikiwa imemezwa katikati.

Tuanze na sababu ya kuwa na spika mbili ndani ya boksi moja. Mwaka 1925 Rice na Kellogg wa kampuni ya General Electric nchini Marekani walieleza spika ya koili inayocheza ndani ya sumaku na kusukuma koni ya karatasi, na mpaka leo spika nyingi tunazofunga zinafanya kazi hivyo hivyo. Koni kubwa husukuma hewa nyingi, kwa hiyo inaiweza bezi. Tatizo linaanza wimbi la sauti linapokuwa fupi kiasi cha kulingana na upana wa koni. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Wufa ya inchi 6 na nusu ina koni ya sentimita 13 hivi, na wimbi la urefu huo ni la Hezi 2,600 (mitikisiko kwa sekunde) au zaidi kidogo. Kuanzia hapo sauti inazidi kuelekea mbele tu, na aliyekaa pembeni ya sebule anabaki na mabaki. Twita ya kuba ya inchi 1 haina shida hiyo mpaka juu kabisa, kwenye Hezi 13,000 na kitu. Ila twita nayo haiwezi kushuka: rezonansi yake, yaani masafa ambayo inatikisika yenyewe kwa urahisi, mara nyingi iko karibu na Hezi 800, na ukiilazimisha kufanya kazi karibu na hapo itakwaruza, kisha itaungua.

Kwa hiyo mahali pa kupokezana panajichagua penyewe: chini ya Hezi 2,600 na juu ya mara mbili ya rezonansi ya twita. Mimi hupenda Hezi 2,000. Pana faida nyingine hapo. Wimbi la Hezi 2,000 lina urefu wa sentimita 17, na ukiweka twita ikigusana na wufa ya inchi 6 na nusu, umbali kati ya vitovu vyake ni kama sentimita 14. Umbali ukiwa chini ya urefu wa wimbi, sikio linasikia chanzo kimoja hata mtu akiinuka kitini. Ndiyo maana nikiona boksi ambalo twita imetupwa kona ya juu na wufa iko chini kabisa, najua aliyelichora aliwaza sura tu.

Kuhusu boksi nitakwenda haraka, kwa sababu hesabu yake ilishamalizwa kazi na watu wawili waliokuwa wakifanya kazi Australia. Neville Thiele alichapisha mwaka 1961 namna ya kukokotoa boksi lenye tundu, na Richard Small akaikamilisha kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vipimo vyao ndivyo vile Fs (rezonansi ya wufa), Qts (jinsi rezonansi hiyo inavyotulizwa) na Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa koni) unavyoviona kwenye karatasi ya wufa. Wufa isiyo na karatasi hiyo usiinunue, hata kama imeandikwa wati 1,000 kwa herufi za dhahabu. Wati hazikuambii chochote kuhusu boksi.

Chukua mfano wa wufa inayotaka lita 20. Vipimo vya ndani vya sentimita 16.4 kwa 30 kwa 44 vinakupa lita 21 na nusu hivi, na ukitoa nafasi ya wufa yenyewe, bomba na vipande vya kukaza, unabaki na 20. Ukitaka boksi liitike kwenye Hezi 40, kipande cha bomba la PVC la maji lenye upana wa ndani wa sentimita 5 kinatosha, kikatwe urefu wa sentimita 14 na nusu. Hezi 40 nimeichagua kwa sababu: uzi mnene wa gita la bezi unapiga Hezi 41, na muziki wa rumba bila uzi ule si rumba. Anza na bomba refu kidogo kisha upunguze, maana bomba likishakatwa halirudi.

Mbao? Vitabu vingi vya Ulaya vinasema MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Huku pwani MDF ikionja unyevu inavimba kwenye kingo, na mwaka wa pili skrubu hazishiki tena. Mimi natumia plaiwudi ya milimita 18, ile inayouzwa kwa jina la marine board, kwa gundi ya mbao na vipande vya kukaza kati ya kuta za pembeni. Kama unadhani plaiwudi ni ya kubahatisha, kumbuka LS3/5A, spika ndogo ya boksi la lita 5 hivi ambayo BBC waliiunda miaka ya 1970 kwa ajili ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje. Boksi lake ni plaiwudi ya milimita 12 tu, iliyobandikwa ndani vipande vizito vya kunyonya mtikisiko. Mpaka leo watu wanaitafuta. Na ukiifungua utakuta wufa ndogo na twita ndogo za kampuni ya KEF, pamoja na krosova yenye vipande vingi kuliko unavyotarajia kwa spika ya ukubwa ule. Wahandisi wale walijua kazi iko wapi.

Sasa tuingie kwenye krosova yenyewe.

Krosova ya dukani imekokotolewa kana kwamba wufa ni rezista ya omu 8. Hakuna wufa ya namna hiyo. Ukiipima kwa mita, waya wake unasoma omu 6 au pungufu. Kwenye rezonansi impidansi, yaani ukinzani wake kwa mkondo wa muziki, inapanda mpaka 40 na zaidi, kwenye Hezi 2,000 ambapo krosova inatakiwa kufanya kazi iko 9 au 10, na kwenye Hezi 10,000 imeshapita 20 kwa sababu koili ya wufa yenyewe ni koili. Kichujio kilichotengenezewa omu 8 kikikutana na mzigo unaobadilika hivyo, hakikati pale kilipoandikiwa kukata. Wufa inaendelea kuimba juu ya eneo lake, inagongana na twita, na sauti ya mwanamke ndiyo inayoumia kwanza.

Jambo la pili ni uso wa boksi. Masafa ya juu yanagonga ule ubao wa mbele na kurudi yote kwa msikilizaji. Masafa ya chini yanazunguka boksi na kwenda nyuma pia. Tofauti kati ya hali hizo mbili inafika desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mahali pa katikati ya mpito huo unapapata ukigawa 115 kwa upana wa uso katika mita: boksi la sentimita 20 linakupa Hezi 575. Maana yake wufa iliyoandikwa desibeli 88, ndani ya boksi jembamba, kwenye bezi inakuwa kama ya 82 hadi 85, kutegemea iko karibu kiasi gani na ukuta. Krosova lazima ishushe eneo la kati na la juu ili lilingane na bezi. Kazi hiyo inafanywa na koili kubwa ya wufa, pamoja na rezista mbili kwa upande wa twita. Kushusha twita ya omu 8 kwa desibeli 6 unahitaji rezista ya omu 4 kwenye mfululizo na ya omu 8 sambamba na twita. Spika nyingi za kujiundia zinazochosha masikio baada ya nusu saa zina kasoro hii moja tu: twita haikushushwa.

La tatu ni fezi, yaani kama mawimbi ya spika mbili yanakwenda kwa wakati mmoja, na hapa ndipo ninapopenda zaidi. Wufa ina koni iliyozama, kwa hiyo sauti yake inatokea nyuma ya sauti ya twita, tuseme kwa sentimita 2 na nusu. Kwenye Hezi 2,000 hiyo ni zaidi ya nyuzi 50 za fezi. Wawili hawa wanapokezana kijiti, na mmoja akiwa amechelewa hatua kijiti kinaanguka, hata kama kila mmoja ana mbio nzuri akiwa peke yake. Siegfried Linkwitz na Russ Riley, waliokuwa wahandisi wa Hewlett-Packard, ndio waliotupa mwaka 1976 ule mteremko wa kupunguza sauti ya kila spika nje ya eneo lake, ambao wufa na twita zote mbili ziko chini desibeli 6 mahali pa kukutana, zikiwa na fezi moja, na jumla yao kwenye grafu ya sauti inakuwa mstari ulionyooka. Muhimu ni kwamba mteremko huo uonekane kwenye sauti iliyotoka hewani. Ukiuona kwenye mchoro wa koili na kapasita peke yake hujamaliza kitu.

Kwa hiyo lazima upime. Vifaa si vingi: maikrofoni ya kupimia yenye faili lake la usahihishaji, kompyuta, na programu mbili za bure, REW ya John Mulcahy na VituixCAD ya Kimmo Saunisto wa Finland. Mimi hutoa boksi nje uani jioni upepo ukitulia, nikalipandisha mpaka twita iwe mita 1 na nusu kutoka chini, maikrofoni mbele yake mita 1. Sauti inayogonga ardhi na kurudi inachelewa milisekunde 6 na kitu, nami nakata kipimo kabla haijafika. Kipimo hicho ni cha kuaminika kuanzia Hezi 160 kwenda juu. Bezi naipima kwa kusogeza maikrofoni karibu kabisa na koni, na karibu na mdomo wa bomba, kisha programu inaunganisha. Wufa inapimwa peke yake, twita peke yake, bila krosova, zikiwa tayari ndani ya boksi, na maikrofoni isihamishwe kati ya vipimo hivyo. Kipimo cha twita kianzie Hezi 500, tena kwa sauti ndogo. Ukitumia maikrofoni ya USB, washa ile alama ya muda ya REW inayopigwa na spika ya pili, la sivyo fezi yako itakuwa ya kubuni. Baada ya hapo nageuza boksi nyuzi 10 kwa 10, maana ukuta wa sebule nao unarudisha sauti.

Pamoja na impidansi, data hizo naziingiza VituixCAD na kuanza kujenga krosova kwenye skrini. Naongeza koili, nabadilisha kapasita, naangalia mstari. Kwa kawaida wufa inaishia na koili moja, kapasita moja, na jozi ya rezista na kapasita ya kutuliza impidansi. Kwa wufa ya mfano wetu, omu 7.5 na maikrofaradi 10 zinafaa. Twita inapata kapasita, koili, kapasita ya pili, na zile rezista.

Halafu nafunga krosova kweli, mezani, kwa nyaya za vibanio, na kufanya jaribio ninaloliamini kuliko yote. Nageuza nyaya za twita, chanya ikae kwenye hasi, napima tena. Kama fezi zimelingana, wufa na twita sasa zinapingana, na mstari unaporomoka pale pale kwenye Hezi 2,000. Shimo likizama desibeli 25, likiwa jembamba na pande zake zikifanana, kazi imekamilika: narudisha nyaya na kulehemu. Shimo likiwa la kina kifupi, au limehamia Hezi 1,700, kuna kipande kimoja cha kubadilisha, mara nyingi ile kapasita ya pili ya twita au koili ya wufa.

Koili nasuka mwenyewe, kwa waya wa shaba wenye vanishi, ule ule wa mafundi wa kusuka mota. Waya wa milimita 1 ukisuka milihenri 1 bila chuma ndani, ukinzani wake ni karibu nusu omu, jambo ambalo VituixCAD inatakiwa kuambiwa. Koili mbili zisikae bega kwa bega zikiangalia upande mmoja, zitasikilizana. Moja isimame, nyingine ilale, na zitengane. Kapasita za plastiki weka kwenye twita. Ile ya kutuliza wufa inaweza kuwa ya kawaida isiyo na chanya na hasi, hutasikia tofauti.

Kusikiliza kunakuja mwisho, na mimi huanza na taarabu. Fidla nyingi zikipiga pamoja, ganuni ikijibu, na sauti ya mwimbaji juu yake: hapo Hezi 1,000 hadi 4,000 zote ziko kazini, na krosova mbovu haina pa kujificha. Nikihisi kitu, nabadilisha rezista ya twita kwa nusu omu, nasikiliza siku nzima, sibadilishi vitu viwili kwa pamoja.

Wengi wanataka kurukia njia tatu moja kwa moja: wufa, midi (spika ya sauti za kati) na twita. Midi inapopokezana na wufa kwenye Hezi 300, koili zinakuwa za milihenri kadhaa na kapasita za maikrofaradi mia na zaidi, na gharama yake inaweza kupita bei ya spika zenyewe. Kwa njia tatu ninaacha koili kabisa pale chini: kichujio cha kidijitali, na amplifaya yake kila spika. Lakini vipimo ni vile vile, na jaribio la kugeuza nyaya ni lile lile, kwa hiyo jifunzie kwanza kwenye njia mbili. Karatasi ya vipimo vya wufa yako ukishaipata, niandikie Fs, Qts, Vas na upana wa boksi unalolitaka, tuanzie hapo.